Uzamivu wa mchoraji utahiniwe mbele ya kazi zake

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala mliyoichapisha wiki iliyopita katika ukurasa wa elimu, ambamo mwandishi wenu alidai kwamba shahada ya uzamivu katika sanaa za ufundi, yaani uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, uchapaji wa picha na jamaa zake, ni pambo la jina lisilomwongezea msanii ustadi wowote, na kwamba vyuo vikuu vimeibuni ili vijipatie ada na takwimu za kujivunia. Naomba nafasi nimjibu. Si yote aliyoyasema ni ya uongo. Baadhi ya shutuma zake ninazijua kwa karibu, kwa kuwa nimefundisha uchoraji kwa muda mrefu na nimekaa katika meza za kutahini tasnifu za namna hii. Ninachokikataa ni hitimisho lake. Ameona kwamba mtihani unaendeshwa vibaya, akaamua kwamba hakuna cha kutahiniwa.

Kwanza niliondoe dai jepesi, la kwamba huu ni mtindo ulioletwa juzi. Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo kilifungua masomo ya uzamivu mwaka 1977. Nchini Uingereza, baraza lililokuwa likitoa shahada kwa vyuo vya ufundi tangu muongo wa 1960 hadi mwanzoni mwa ule wa 1990 lilikwisha kuwapokea wachongaji na wachoraji kama watafiti katika muongo huohuo wa 1970. Australia ikafuata katika muongo wa 1980. Chuo cha Sanaa cha Helsinki, nchini Ufini, kikaanza mwaka 1997. Norwe ikaweka mpango wa kitaifa wa wasanii watafiti mwaka 2003 na kuupandisha kuwa shahada kamili ya uzamivu mwaka 2018. Na Uswidi ikaitambua kisheria mwaka 2010 shahada ya uzamivu ya kisanaa, iliyo na jina lake mbali na ile ya kisayansi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa Tokyo sasa ni mtu mzima mwenye mvi za kwanza.

Hata hivyo, sharti nimpe mwandishi haki yake. Kilichoisambaza shahada hii nchini Uingereza hakikuwa kiu ya maarifa peke yake. Sheria ya mwaka 1992 iliviwezesha vyuo vya ufundi kuwa vyuo vikuu, na ndani ya vyuo hivyo ndimo zilimokuwa shule nyingi za sanaa. Walimu waliokuwa wakipimwa kwa maonyesho yao wakajikuta wameingizwa katika zoezi la kitaifa la kupima utafiti, ambalo matokeo yake huamua fedha za serikali ziende wapi. Mchoraji akatakiwa aeleze kwa lugha ya mtafiti kile alichokuwa akikifanya kila siku bila kukieleza. Wako walioieleza kazi yao kwa uaminifu, na wako waliojifunza kuvaa msamiati tu. Shutuma ya mwandishi inawahusu hawa wa pili, nami sina neno la kuwatetea. Lakini namna jambo lilivyoingia chuoni haitwambii kama jambo hilo lina maana au halina. Kwa kulijua hilo hatuna budi kuangalia kazi yenyewe.

Mwaka 1993, Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, aliandika insha fupi iliyotenganisha mambo matatu ambayo mpaka leo watu huyachanganya: utafiti juu ya sanaa, utafiti kwa njia ya sanaa, na utafiti kwa ajili ya sanaa. Wa kwanza hauna ugomvi. Mtu anaweza kuandika tasnifu nzima kuhusu michoro ya mapangoni na asishike brashi hata siku moja, naye atakuwa mwanahistoria wa sanaa kama walivyo wengine. Katika wa pili, kutengeneza ndiyo njia yenyewe ya kujua: mtafiti anajaribu rangi, udongo au mashine ya kuchapia, anaandika alichokifanya na kilichotokea, kisha anaieleza jamii ya wenzake. Wa tatu ndio mgumu, na Frayling mwenyewe aliukiri ugumu wake, kwa sababu humo fikra inadaiwa kukaa ndani ya kitu kilichotengenezwa na wala si katika maneno yanayokizunguka. Mwandishi wenu anaushambulia huu wa tatu kwa mifano aliyoitoa kwenye ule wa kwanza, na ule wa pili hakuugusa kabisa. Nao ndio wenye mengi ya kusemwa.

Nitoe mfano wa zamani, wa kabla ya mtu yeyote kufikiria kumpa mchoraji uzamivu. Mwaka 1824 mkemia Michel-Eugène Chevreul aliteuliwa kusimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wafumaji walimletea malalamiko kuhusu nyuzi nyeusi: wakizitumia kutia kivuli kwenye mavazi ya buluu na zambarau, weusi ulikuwa hafifu, umepauka, hauna nguvu. Chevreul alifanya kile ambacho mkemia yeyote angekifanya. Alichukua sufu nyeusi za kiwanda chake akazilinganisha na sufu nyeusi kutoka karakana nyingine zilizosifika, za Ufaransa na za nje, na hakuona upungufu wowote katika rangi yenyewe. Hapo ndipo alipotambua kwamba kasoro haikuwa ndani ya uzi, bali katika ujirani wake. Buluu na zambarau zilizopakana na weusi huo ndizo zilizoubadilisha machoni pa mtazamaji. Akaacha chupa za maabara akaanza kuzipanga rangi mbilimbili, ubavu kwa ubavu, na kuandika macho yanaona nini, mpaka mwaka 1839 alipochapisha kanuni yake ya jinsi rangi zinazopakana zinavyobadilishana sura. Wachoraji wa Ufaransa wa vizazi viwili vilivyofuata waliisoma na kuitumia.

Najua mwandishi atasema kwamba Chevreul hakuwa msanii. Ni kweli, hakuwa. Lakini atazame swali lilitoka wapi: lilitoka kwa watu wa mkono, waliokuwa na sufu vidoleni, ambao waliona jambo ambalo vipimo vya kemia havikuliona. Na jibu nalo halikupatikana mpaka rangi zilipowekwa kando kwa kando na kutazamwa. Hakuna kiasi cha kusoma vitabu kingelitoa jibu hilo. Hiyo ndiyo tabia ya swali linalostahili uzamivu wa sanaa, na ndiyo maana nimelieleza kwa urefu.

Upande wa wasanii wenyewe yuko Josef Albers. Kuanzia mwaka 1950 mpaka alipofariki mwaka 1976, alichora zaidi ya picha 1,000 zenye umbo lilelile: miraba mitatu au minne, mmoja ndani ya mwingine. Aliipaka rangi kwa kisu, moja kwa moja kutoka kwenye mirija yake, juu ya ubao uliopakwa weupe. Ukiigeuza picha yake utakuta nyuma ameandika kwa mwandiko wake rangi alizozitumia, mraba kwa mraba, pamoja na jina la mtengenezaji wa kila rangi, kwa maana njano ya kiwanda kimoja si njano ya kiwanda kingine hata kama jina la kwenye mrija ni lilelile. Albers hakuhitaji msomi yeyote mwenye uzamivu ampe ruhusa. Lakini yale maandishi ya nyuma ya ubao ndiyo hasa tunayomdai mtahiniwa wa uzamivu: kibadilishwe kitu kimoja, vingine viachwe kama vilivyo, kila hatua iandikwe, na mwenzako aweze kukufuatilia nyuma yako bila kukuuliza.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, na ninawashauri wasimamizi wote wakitumie kabla ya kulipokea andiko la utafiti la mtu yeyote. Ziondoe kazi, uyabakishe maandishi. Ikiwa hoja bado imesimama vilevile, basi kazi hazikuhitajika, na mtahiniwa angeenda kuandika historia au falsafa, ambako angepata wasimamizi wanaoijua kazi hiyo zaidi. Kisha uyaondoe maandishi, uzibakishe kazi. Ikiwa hakuna kilichopotea, basi mtu huyo ana maonyesho mazuri na hahitaji shahada; atafute ukumbi. Uzamivu ni wa yule ambaye ukimwondolea kimojawapo, kingine kinapungukiwa na nguvu.

Kuna kitabu cha mwongozo ambacho mataifa mengi hukitumia kuamua ni kazi gani ihesabiwe kuwa utafiti, kinachojulikana kwa jina la mji wa Frascati, Italia, ambako toleo lake la kwanza lilijadiliwa mwaka 1963. Toleo la mwaka 2015 linataja sifa tano: kazi iwe mpya, iwe ya ubunifu, matokeo yake yasiwe yanajulikana tangu mwanzo, ifuate utaratibu, na matokeo yake yaweze kuhamishwa kwa wengine au kurudiwa. Mwongozo huohuo kwa kawaida huuacha nje usanii wenyewe, yaani tendo la kujieleza kisanaa, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya jumuiya za vyuo vya sanaa za Ulaya zitoe tamko lao huko Vienna mwaka 2020 zikidai utafiti wa kisanaa utambuliwe. Mimi ninaliunga mkono tamko hilo bila kuchukia zile sifa tano. Kwa kweli sifa ya tano ndiyo inayotukomboa. Mchoraji anayesema kwamba ujuzi wake hauwezi kumfikia mwingine kwa njia yoyote huenda anasema kweli kuhusu nafsi yake, lakini hapo amejiondoa mwenyewe katika utafiti. Na sifa ya tatu inapaswa kuwaaibisha wale wanaotunga fomu za maombi, ambazo humtaka mtahiniwa aorodheshe matokeo anayoyatarajia kabla hajapaka hata tabaka la kwanza. Anayeyajua matokeo tangu mwanzo hana anachokitafiti.

Sasa nije kwenye ubaya ninaoujua. Mtahiniwa mmoja, katika chuo ambacho sitakitaja, alikuwa akichunguza ni kwa kiasi gani picha inaweza kujengwa kwa rangi nyeusi peke yake. Alitumia nyeusi ya masizi, nyeusi ya mifupa iliyochomwa, na nyeusi ya oksidi ya chuma. Kila anayechora kwa rangi za mafuta anajua kwamba hizi tatu hazifanani tabia: masizi hunywa mafuta mengi na kukawia kukauka, ya mifupa huelekea kidogo kwenye kahawia, ya chuma huwa nzito, huziba yaliyo chini yake, na hukauka upesi. Mtahiniwa huyu alizipanga kwa kuongeza au kupunguza mafuta, mahali pengine pakang'aa na pengine pakafifia, hata ukisimama mbele ya turubai huoni kitu ila ukuta mweusi, lakini ukipiga hatua mbili pembeni mwanga unaliangukia tabaka linalong'aa na mtu aliyeketi anajitokeza, kisha ukirudi ulipokuwa anapotea. Daftari lake lilikuwa limejaa vipande vidogo vya turubai vilivyobandikwa, kila kimoja na kiasi cha mafuta, siku za kukauka, na pembe ambayo mng'ao wake ulionekana kutoka kwake. Ilikuwa kazi ya mtafiti hasa.

Kanuni za chuo hicho ziliyaita maonyesho kuwa kiambatisho. Ukumbi ulikuwa umepangiwa shughuli nyingine, picha zikashushwa kabla ya siku ya utetezi, yaani siku ambayo mtahiniwa huhojiwa na watahini, na watahini wakapelekewa faili la picha za kamera. Siku ilipofika, projekta ikaonyesha mabamba meusi kumi na mawili yasiyo na tofauti yoyote kati yao. Mtahini mmoja aliuliza, bila kejeli, picha iko wapi. Mtahiniwa akaeleza kwa maneno kitu ambacho alikuwa amekitengeneza ili kisitegemee maneno, na watahini wakampa shahada kwa sababu ya sura mbili zilizohusu historia ya rangi nyeusi, ambazo kwa maoni yangu ndizo zilizokuwa dhaifu kuliko zote katika tasnifu yake, kwani yaliyomo humo yangeweza kuandikwa na mtu mwingine yeyote aliye karibu na maktaba nzuri. Aliyesoma makala ya mwandishi wenu atasema huu ni ushahidi kwamba shahada hii haina maana. Mimi nasema ni ushahidi kwamba watahini hawakuutahini utafiti uliokuwepo.

Upo pia upotovu wa upande wa pili, nao niutaje ili nisionekane ninawabebea wasanii. Kuna watahiniwa wanaotundika kazi zao, wakaambatanisha kijitabu chembamba, na wakiulizwa walichokigundua hujibu kwamba kazi inajieleza yenyewe. Huo ni uvivu uliopakwa rangi ya unyenyekevu. Kazi inaweza kumgusa mtazamaji, ikamtoa machozi, ikabaki moyoni mwake kwa miaka, na bado isimweleze ni njia gani zilijaribiwa zikashindikana, ni nani wengine walilishughulikia swali hilo, na kwa nini uamuzi huu ulichukuliwa badala ya ule.

Vyuo vingi vya Uingereza vinavyodai tasnifu ya kawaida ya maneno kama 80,000 huipunguza hadi nusu yake au hata chini ya hapo inapoambatana na kazi za sanaa. Hilo ni jambo la busara, ila ubishi kuhusu idadi ya maneno umetufanya tusahau kuuliza maneno hayo yafanye kazi gani. Yasizifasiri picha: mtahiniwa anayeandika kurasa nyingi kumweleza msomaji kwamba rangi nyekundu katika picha ya tatu inawakilisha hasira amepoteza wakati wa watu wawili. Maandishi yalitaje swali kwa uwazi, yaonyeshe lilikotoka, yaeleze majaribio pamoja na yale yaliyoharibika, na yaseme ni nini ambacho mchoraji mwingine, asiye na hisia wala maisha ya mtahiniwa huyu, anaweza kukichukua na kukitumia katika karakana yake. Majaribio yaliyoharibika ndiyo yanayofichwa zaidi. Nimesoma tasnifu ambazo kila kitu ndani yake kilifaulu mara ya kwanza, na sikuamini hata moja.

Kuhusu wasimamizi nina machache. Desturi iliyozoeleka ni kuwa na wawili, mmoja wa nadharia na mmoja wa karakana, na kwa kuwa huyu wa karakana mara nyingi hana uzamivu yeye mwenyewe, kanuni humweka nafasi ya pili. Matokeo yake ni kwamba anayezijua picha ndiye asiye na sauti katika uamuzi. Vyuo vimpe uzito sawa au visijisumbue kumwita.

Atakayeniuliza kama ajiunge na masomo haya nitamwuliza kwanza anataka nini. Kama anataka muda na mahali pa kuchora bila kusumbuliwa, atafute nafasi ya msanii mkaazi, ambayo haitamdai tanbihi. Kama anataka kufundisha, shahada ya uzamili ya sanaa inatosha mahali pengi. Kama ana swali linalomrudia kila anapomaliza kazi moja na kuanza nyingine, na ambalo vitabu alivyovisoma havikulijibu, basi aandike ukurasa mmoja kuhusu swali hilo na amtafute msimamizi kwanza kabla ya kutafuta chuo. Ajue pia kwamba kwa mtu wa muda wote masomo haya huchukua miaka mitatu hadi minne, na karibu mara mbili ya hiyo kwa mwenye kazi nyingine. Masharti ya fedha yanatofautiana mno: Uswidi mtafiti wa uzamivu kwa kawaida huajiriwa na kulipwa mshahara kwa miaka yake minne, ilhali kwingineko analipa ada mwenyewe na kununua turubai, rangi na udongo kutoka mfukoni mwake. Asiyeuliza swali hilo mapema atalijibu kwa deni.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, mwandishi wenu hakuitaja. Ni kwamba mtahiniwa, baada ya miezi mingi ya kusoma nadharia ili awaridhishe watu wa kamati, anaanza kuchora picha zinazotii alichokisoma. Mkono unaacha kuuliza, unakuwa karani wa kitabu. Nimeona tasnifu ambamo majina ya wanafalsafa wa Ufaransa yalikuwa mengi kuliko majina ya rangi, na picha zake zilikuwa kama vielelezo vya kitabu cha kiada, safi, sahihi na baridi. Dawa yake si kuwakataza wachoraji kusoma. Albers alisoma, akafundisha na kuandika. Dawa ni mpangilio: kazi ya karakana ianze tangu mwezi wa kwanza, na mapitio ya machapisho yaongozwe na maswali yanayotoka humo. Vyuo vinavyomfungia mtahiniwa maktabani mwaka mzima wa kwanza, kisha vikamwachia akachore, vinamharibu kwa utaratibu mzuri kabisa.

Baada ya shahada kutolewa kuna suala ambalo kila mtu hulisahau. Mchoraji anauza kazi zake, au zinaharibika, au zilikuwa za kusimikwa ukumbini na kubomolewa. Maktaba inabaki na kitabu chenye jalada gumu na picha ndogo zilizochapishwa kwa wino wa ofisini. Mtafiti wa miaka ijayo anayetaka kuendelea kutoka pale mtangulizi wake alipoishia hana cha kukitazama. Njia zipo. Jarida la utafiti wa kisanaa linaloitwa Journal for Artistic Research, lililotoa toleo lake la kwanza mwaka 2011, huchapisha kwenye intaneti maandishi, picha, sauti na video katika ukurasa mmoja uliopangwa na mtafiti mwenyewe, na makala zake hupitiwa na wataalamu wengine kabla ya kukubaliwa. Hata hivyo video isingetosha peke yake kwa yule mchoraji wa nyeusi. Kwake chuo kingepaswa kununua walau turubai moja na lile daftari la vipande, na kuvihifadhi pamoja na tasnifu kama maabara inavyohifadhi sampuli zake.

Ninachokiomba kwa mabaraza ya vyuo, basi, hakihitaji bajeti kubwa. Utetezi uanzie ndani ya chumba zilimo kazi, watahini wakiwa wamesimama na wakitembea, na tasnifu ikiwa mkononi. Meza na viti vije baadaye. Mmoja wa watahini awe mtu anayetengeneza kazi za aina ile anayoitahini. Na neno kiambatisho lifutwe katika kanuni, kwa kuwa ndilo linalompa ofisa wa ukumbi ruhusa ya kuzishusha picha kabla ya siku yenyewe. Kama utetezi ni wa faragha mbele ya watahini wawili kama ilivyo kawaida Uingereza, au wa hadhara mbele ya mpinzani aliyeteuliwa kama ilivyo Uswidi, hilo halinisumbui sana.

Mwisho, naomba kusahihisha jambo moja katika makala ile. Mwandishi alisema kwamba Marekani mtu hawezi kuwa profesa wa uchoraji bila uzamivu. Sivyo. Huko shahada ya uzamili ya sanaa, inayochukua miaka miwili au mitatu, ndiyo inayohesabiwa kuwa shahada ya juu kabisa kwa msanii mtendaji, na chama cha College Art Association kiliweka viwango vyake kwa msimamo huo mwaka 1977. Wapo wasanii wa Marekani wenye uzamivu, lakini wengi wa walimu wao hawana. Afrika Kusini nayo, kwa sera yake ya mwaka 2017 ya kutathmini kazi za ubunifu zinazotoka vyuoni, imeweka njia ya picha au sanamu ya mwalimu kupitiwa na wataalamu wenzake na kuhesabiwa pamoja na makala za majarida. Tume za vyuo vikuu zinazomlazimisha kila mhadhiri wa sanaa awe na uzamivu ndani ya muda uliopangwa zingeitazama mifano hiyo miwili kabla ya kuwafukuza walimu wazuri wa karakana, maana sharti hilo ndilo linalowaleta mbele yetu watahiniwa wasio na swali lolote, wanaotaka tu kuokoa ajira zao, na wao ndio waliompa mwandishi wenu mifano yake mingi.

Wako katika sanaa,
Mwalimu wa uchoraji